Natafuta mwisho wa picha moja ya "wakubwa" tuliyoonyesha Kibirizi, Kigoma, 1997/98

#1 MwendeshaDeki

Wakuu, habari za jioni. Kabla hamjaanza: sitafuti pilau, yaani picha za ngono, na umri wa kutafuta pilau umeshanipita. Natafuta mwisho wa picha moja tu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake apite.

Kuanzia 1996 mpaka 1999 nilikuwa naendesha deki, mashine ya kuchezea kanda, kwenye kibanda cha video Kibirizi, hapo Kigoma mjini, hatua chache kutoka wanapoanika dagaa. Naanza kazi nina miaka 23. Kibanda chenyewe mabanzi pande tatu, wa nne turubai, juu bati, mbao za kukalia zimepigiliwa kwenye magogo. Runinga inchi 21, deki moja, nje spika la kuitia watu. Kiingilio shilingi mia. Bosi ameshatangulia mbele ya haki, jina lake naliacha.

Wasiojua Kigoma niwaambie, biashara ya kibanda pale ilikwenda na mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku wa giza kwa karabai: taa inawakusanya, wavu unawazoa. Mwezi ukijaa, ziwa zima linang'aa na karabai haina la kufanya, mitumbwi inalala mchangani siku kadhaa. Hapo sasa mvuvi ana hela, hana kazi, na usingizi wa usiku alishausahau. Bosi alikuwa na kalenda ukutani, kila mwezi anazizungushia kalamu siku za mbalamwezi. Kanda mpya zilitakiwa zifike kabla ya duara hilo, na zilikuja kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar, zimefukiwa kwenye marobota ya mitumba.

Mchana Wahindi, jioni ngumi na bunduki, saa tano usiku watoto wameshafukuzwa zamani, komeo linashuka: ya wakubwa. Halali haikuwa. Sheria ya filamu ya 1976 ilitaka kila picha ipite kwa wakaguzi, na zetu hazikupita hata kwa balozi wa nyumba kumi. Sijitetei.

Sasa mwishoni mwa 1997, mvua za Elnino ndiyo zinaanza kuchachamaa, ikaja kanda haina jina. Ubavuni kuna karatasi imeandikwa kwa kalamu ya wino "CHINA 4". China 1, 2 na 3 zilikuwa kareti tupu. Desturi yetu kanda mpya naionja mwenyewe mchana, mlango umefungwa. Nikaitia. Kitu cha kwanza pembetatu, ndani yake vijiti vitatu. Halafu mvua, ngazi za ghorofa, na mwanamke na begi. Nikakaa nasubiri ngumi. Dakika ya 15 nikajua ngumi hakuna, hii ni ya saa tano.

Picha ni hivi. Mwanamke wa miaka kama 35 anagonga mlango wa chumba cha ghorofani, anafungua mwanaume anayeishi peke yake. Maneno yalikuwa chini, Kichina na Kiingereza, na Kiingereza changu cha kuungaunga, lakini nilielewa kwamba hapo palikuwa kwao. Aliondoka, akaenda mbali, sasa amerudi na kumekuwa kwa mtu. Anaomba aangalie tu. Mvua inazidi, anabaki. Mambo yanaanza.

Kesho yake anarudi. Na kesho kutwa. Lakini kila akija, kabla ya lolote, anahamisha kitu kimoja. Siku ya kwanza meza, anaikokota hadi dirishani. Siku ya pili kabati. Siku ya tatu godoro linatoka chumba kile linakwenda kile. Mwanaume anacheka, anadhani ni madoido. Wavuvi nao wanacheka: "Huyu dada kaja kufanya mapenzi au kaja kuhamisha vyombo!"

Mimi niliyekuwa naitia ile kanda kila mbalamwezi nilianza kumtazama macho. Wakiwa kitandani, wakati kibanda kizima kinapiga mluzi, yeye hamtazami mwanaume hata mara moja. Anatazama juu ya bega lake. Kuna mraba ukutani, mweupe kuliko ukuta wenyewe, palipokuwa pametundikwa kitu siku nyingi kikatolewa. Anatazama dirisha. Anatazama birika jikoni. Nikaja kujisemea, huyu mwanaume amebahatika kuwa na ufunguo tu. Mapenzi yenyewe yalikuwa ya nyumba.

Naenda kula, narudi.

#2 MgebukaMkavu

Nimekaa mkao wa kula. Weka nondo mkuu.

#3 Jiwe la Bangwe

Mkuu unaipamba pilau mpaka inaonekana biriani. Tulikuwa tunakwenda kuangalia tulichokwenda kuangalia, kabati nani alikuwa na habari nalo?

#4 MwendeshaDeki

@Jiwe la Bangwe hukosei, tisini kwa mia walikuja kwa hilo. Lakini kuna mtu mmoja alikuja kwa kabati.

Mnakumbuka vita ya Zaire mwishoni mwa 1996, watu wa Uvira na Baraka wakavuka ziwa kwa maboti wakashukia kwetu. Wengi wakapelekwa kambini, Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo huo. Wachache walibaki mjini kwa ndugu. Mmoja alikuwa baba wa makamo, fundi redio, kameza kake chini ya mwembe. Kibandani hakuwahi kuonekana. Siku moja akasikia kwa watu habari za mwanamke anayehamisha vyombo, usiku akaja. Tangu hapo picha nyingine hakuna, ni hiyo tu. Analipa mia yake, anakaa mbao ya mwisho, kaegemea nguzo. Kwenye mambo anatazama miguu yake.

Kuna sehemu ambayo wavuvi waliichukia sana. Mwanamke anaosha bakuli. Basi. Maji yanatiririka, anaosha bakuli moja, analigeuza, anaosha chini yake, anapitisha kidole kwenye ukingo palipomegeka. Dakika mbili nzima na zaidi. Kibanda kinapiga kelele, "Peleka mbele! Deki, peleka mbele!" Na mimi kidole kiko kwenye kitufe. Siku hiyo fundi redio akasimama, mtu ambaye sauti yake hatukuwahi kuisikia mle ndani. "Acha! Acha aoshe!"

Wakanyamaza. Akaosha mpaka akamaliza.

#5 Wakili wa Kasulu

Mleta uzi nakuomba, na wachangiaji pia: asije mtu akaweka kiungo cha hiyo filamu hapa. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusika na kusambaza picha za ngono, wala hakiulizi kama wewe ulikuwa unalitazama birika. Simulizi endelea nayo.

#6 MwendeshaDeki

Nimekusikia wakili. Kiungo sina na sitaki.

Niliyoyajua baadaye ni haya. Ile pembetatu yenye vijiti vitatu niliikuta mtandaoni miaka mingi baadaye, nikapiga kelele peke yangu kama mwehu. Ni alama ya Hong Kong. Mwaka 1988 walianza kupanga picha kwa madaraja. La tatu, wanaoruhusiwa ni kuanzia miaka 18, wakalipa alama ya pembetatu. Daraja hilo halikuwa la mapenzi peke yake, mle kulikuwa na mauaji ya kutisha na majambazi pia. Lakini miaka ya tisini mwanzoni picha za kitandani za daraja la tatu zilitoka kwa fujo, na vibanda vya dunia nzima vikala masalia.

Halafu mkumbuke Hong Kong yenyewe ilikuwaje wakati ule. Mkataba wa kuirudisha China ulitiwa saini 1984, kukabidhi kwenyewe tarehe 1 Julai 1997. Hapo katikati watu wengi walikata tamaa na kesho yao, wakauza vyumba vyao, wakahamia Kanada, wakahamia Australia. Wengine walirudi. Nikaunga: mwanamke ana begi, anagonga mlango uliokuwa wake. Sisi Kibirizi tunamzomea aharakishe.

#7 Mpiga Picha Ujiji

Mkuu, mimi ni mtu wa kamera, na ndugu yetu Jiwe wa Bangwe nakuomba usiidharau pilau moja kwa moja. Japani kulikuwa na kitu kama hicho tangu 1962, picha fupi za watu wazima, saa moja na kidogo, zinapigwa kwa siku chache na hela ya kubana. Kampuni ya Nikkatsu, kongwe kabisa ya tangu 1912, ilipoona runinga inaiua, kuanzia 1971 mpaka 1988 ilikuwa inatengeneza hizo kwa mfululizo. Mwongozaji aliambiwa: idadi ya kitanda itimie, yanayobaki shauri yako. Kwenye hayo yanayobaki watu wakajifunzia kazi. Yojiro Takita alianzia huko kwenye picha za namna hiyo, na mwaka 2009 filamu yake ya maombolezo ikabeba Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni.

Kwa hiyo mtu kuiba dakika mbili za kuosha bakuli mle ndani, mimi naamini. Zile ndizo alizozitaka. Kitanda ilikuwa kodi anayolipa kwa tajiri.

#8 Jiwe la Bangwe

Haya, nimekubali bakuli. Sasa nakumbuka na mimi. Mwisho wake si mwanamke anaichoma nyumba?

#9 MgebukaMkavu

Kuichoma wapi? Wanaoana! Nilikuwepo mimi, nimetoka Katonga kwa miguu usiku ule. Mwisho wamekaa mezani wanakula wali, mwanaume amevaa shati jeupe.

#10 Kijana wa Mwanga Sokoni

Wote mnaota. Mwisho wa ile picha ni Zidane.

#11 MwendeshaDeki

@Kijana wa Mwanga Sokoni, mkuu. Umenipata. Ndiyo maana nimefungua uzi.

Mwaka 1998, tarehe 12 Julai, Jumapili. Fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Brazili, kwetu inaanza saa nne usiku. Mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umetoka kujaa, wavuvi wote wako nchi kavu, bosi ameweka dishi. Mnajua palivyokuwa, kuna watu walikuwa juu ya bati. Bosi akanivuta pembeni: "Irekodi, kesho kuna watu wa maboti wanakuja, tutaionyesha tena." Kanda tupu hakuna. Kule mtaa wa Mwanga maduka yamefungwa. Chagua, anasema, futa mojawapo.

Nikaziangalia kanda zote. Kila moja ina mwenyewe atakayenipiga. Nikaishika China 4. Ilikuwa kanda ya dakika 180, picha yenyewe dakika 90 na ushee. Nikapiga hesabu: mpira na mapumziko na nyongeza, kama dakika 110. Basi picha ikatwe dakika ya 70. Nikakumbuka kwamba mambo yote ya kitandani yako kabla ya hapo. Dakika 20 za mwisho hakuna kitu, mteja hatalalamika.

Ile kanda ilikuwa imevunjwa kile kijino cha mgongoni ili isirekodiwe juu yake. Nikakata kipande cha soltepu kwa meno, nikaziba tundu. Deki ikakubali. Zidane akapiga kichwa cha kwanza, akapiga cha pili, kipindi cha pili Petit akamalizia dakika za majeruhi, tatu bila.

Na sasa aibu yenyewe. Mwisho ule mimi sikuwahi kuuona. Mara ya kwanza naionja mchana, umeme ulikatika. Baada ya hapo kila usiku, picha ikibakiza dakika 20, kazi yangu ilikuwa kutoka nje, kuzima spika, kuhesabu na bosi hela za kiingilio, kuangalia mafuta ya jenereta, halafu kusimama mlangoni nifungue komeo watu wasije wakabomoa turubai. Nimeitia ile picha labda mara thelathini, na thelathini zote mwisho wake niliusikia mgongoni kama kelele za jirani.

Siku mbili baada ya fainali fundi redio akaja. Amekaa nguzoni kwake. Mwanamke ameosha bakuli, amelifuta, ameshika kabati la mwisho kulisukuma, kabati limesogea kidogo, chenga, mistari, halafu nyasi za kijani na wimbo wa taifa. Kibanda kikashangilia, wengi hawakuwa wameuona mpira.

Watu walipotoka akabaki. "Petit, mwisho yake iko wapi?" Petit kwa Kifaransa chao ni kijana, si yule wa mpira.

Nikamwambia deki imekula kanda.

Akanyoosha mkono, nikampa. Nilisahau kwamba ni fundi. Aliigeuza mara moja tu, akaweka ukucha juu ya ile soltepu, wala hakuibandua. Akanirudishia kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mtu chombo chake. Hakuja tena. Mwaka uliofuata nami niliacha kazi, nikaenda Tabora kwa shangazi kuuza asali, na huko mpaka leo ndiko niliko.

Kwa hiyo nauliza. Aliyeiona kabla ya Julai 1998, akakaa mpaka taa zikawaka: mwisho ulikuwa nini?

#12 MgebukaMkavu

Mkuu nimefikiria tena. Wali na shati jeupe inawezekana ni picha ya Kihindi. Samahani.

#13 Jiwe la Bangwe

Na mimi moto sina uhakika nao. Kibirizi kulikuwa na moto kweli siku za nyuma, kibanda cha jirani, huenda nimechanganya.

#14 Mama Muhogo

Wanangu, hamjambo. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia. Amenisomea huu uzi tangu mchana nimecheka mpaka nimelia. Mwendeshadeki, wewe si yule mrefu niliyekuwa namdai mkaa wa kupashia pasi?

#15 MwendeshaDeki

Shikamoo mama! Ulikuwa unakaanga kwa mawese pale kando ya spika. Mkaa nilikulipa.

#16 Mama Muhogo

Marahaba. Hukunilipa.

Mimi ndani sikuingia hata siku moja. Mwanamke angeingia mle angeitwa jina. Lakini jiko langu lilikuwa limeegemea mabanzi, na mabanzi yana nyufa. Sikuona kitu, nilisikia. Ile picha yenu naijua yote kwa masikio. Nilikuwa siipendi mwanzoni, kwa hizo sauti zake mnazozijua, nikawa naziba kwa kugongagonga mwiko kwenye karai. Halafu nikazoea, nikajua zinakwisha muda gani. Baadaye kunakuwa na maji. Hayo maji ya bakuli, mimi nilijua ni mwanamke anaosha chombo, hakuna aliyeniambia. Bakuli la udongo likiguswa na kidole pale lilipomegeka lina mlio wake.

#17 Mpiga Picha Ujiji

Mama, umenisisimua. Picha nyingi za Hong Kong za wakati ule sauti zake ziliingizwa baadaye studio, mtu anakaa na bakuli mbele ya kipaza sauti. Ndiyo maana lilikufikia mpaka nje kwenye mabanzi.

#18 MwendeshaDeki

Mama nakuomba. Baada ya bakuli.

#19 Mama Muhogo

Baada ya bakuli kuna kitu kizito kinakokotwa. Kinakokotwa, kinasimama, kinakokotwa. Nilikuwa nadhani ni mtu mmoja anahama usiku, hana wa kumsaidia. Halafu kimya kirefu, mpaka nasikia mafuta yangu yanavyochemka. Mwanaume anasema neno moja, la swali. Mwanamke hajibu. Kuna mlango, si wa kupigwa, wa kufungwa polepole. Halafu viatu kwenye ngazi, vinashuka, vinashuka, ngazi ndefu ile.

Halafu birika. Linaanza kwa mbali kama mbu, linapanda, linapiga filimbi kabisa. Alikuwa ameliacha jikoni.

Yule Mkongo akitoka alikuwa anakuja kwangu ananunua mihogo ya hamsini, anakula amesimama, ameangalia ziwani. Siku moja nikamwambia baba, karibu kigoda. Akaniambia kwao Uvira wameacha kila kitu, na mama watoto aliacha mboga jikoni. Nikamwongezea kipande kimoja. Basi.

#20 MwendeshaDeki

Mama. Lile birika, kuna mtu alilitoa jikoni? Yule mwanaume aliinuka akalitoa? Au lilipiga mpaka picha ikaisha?

#21 Mama Muhogo

Hilo sikuwahi kulisikia, mwanangu. Birika likianza tu kupiga, wewe ulikuwa unafungua komeo, wanatoka kwa makelele, mmoja anataka mihogo, mwingine anataka pilipili.